Nyota wa Nyuma ya Pazia

Mimi ni nyota wa michezo. Naomba usicheke kabla sijamaliza. Ni mfungaji wa timu ya mpira wa pete ya walimu wa kata yetu, upande huu wa Masoko, na nikisimama chini ya pete na mpira mkononi kuna watu wazima wanaoacha kupalilia kahawa yao waje kuangalia. Nyota wa Ulaya wana magari na walinzi. Mimi nina raba zilizoshonwa na fundi viatu wa sokoni Tukuyu, na mume anayenishikia mwavuli wakati wa mapumziko. Lakini nyota ni nyota, na mwaka juzi na mimi ilinibidi niamue lile jambo ambalo wenzangu wa Ulaya huulizwa kila mara kwenye televisheni: ukitukanwa rangi yako uwanjani, unyamaze uendelee kucheza, au useme?

Kabla ya kufika huko lazima nieleze habari ya pazia, la sivyo hutaelewa kitu.

Nimetoka Mara, upande wa ziwa. Serikali iliniajiri ikanileta Rungwe kufundisha, na nilipokuwa bado nalalamika kuhusu mvua nikaolewa na tabibu wa zahanati, kijana wa hapa hapa, mpole, mwenye mikono mizuri, asiyejua tofauti ya kona na penalti. Nilimsamehe hilo. Ambalo nilichelewa kumsamehe ni kwamba hakuniambia mapema kuhusu baba yake.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Sisemi hawapendani, nasema hawaonani. Humwangalii usoni, huongei naye, hukai naye chumba kimoja, hupishani naye njiani. Jina lake hulitamki hata ukiulizwa na polisi, ndiyo maana hata humu simtaji. Ni heshima. Siku hizi wengi wameacha, na pale mjini Tukuyu nimeona wakwe wanapiga picha na wakamwana wao wamekumbatiana. Baba mkwe wangu hakuacha. Ni mkulima wa ndizi na kahawa, ni mzee wa kanisa, na akishika jambo analishika mpaka jambo lenyewe lichoke.

Basi akitaka kutoka nje anakohoa, na mimi nikisikia kikohozi nakimbia. Tukikutana shambani najificha nyuma ya mgomba. Mimi ni mrefu na nina mabega, mgomba mmoja haunitoshi, kwa hiyo natafuta shina lenye machipukizi. Yeye anageuza uso bondeni kama anakagua mipaka ya shamba, anapita taratibu, naamini kwa makusudi, na mvua inaninyeshea mpaka atokomee. Salamu zinapitia kwa mama mkwe. Nasema, "Mama, mwambie baba shikamoo." Mama anasema, "Unaamkiwa." Baba anasema, "Mwambie malahaba." Na muda wote huo tumetenganishwa na ukuta wa tofali moja na kila mtu anamsikia kila mtu vizuri kabisa.

Mwanzoni nilifura. Nilimwambia mume wangu kwamba nimeolewa na mtu, sikuolewa na mchezo wa kujificha. Mama mkwe ndiye aliyenituliza. Alinikalisha jikoni akaniambia, kwa Kiswahili cha wazee wa huku ambacho hakina z wala r, "Mwanangu, mimi baba mkwe wangu nilimwona siku ya kwanza akiwa kwenye jenesa. Lakini maisha yake yote hakuwahi kunigombesa." Nikalifikiria hilo nikaona lina maana. Marafiki zangu wote wamewahi kugombana na wakwe zao. Mimi bado sijapata nafasi.

Tabu ilikuwa televisheni. Mzee anapenda mpira kupita kiasi, na mimi pia, na televisheni yenye king'amuzi ni ile moja tu, ipo sebuleni kwake. Mama mkwe akaona asipofanya kitu nitahamia kwenye banda la mpira kukaa na vijana wanaotafuna miwa. Akatundika pazia kwenye mlango unaotoka sebuleni kwenda jikoni. Baba anakaa sebuleni kwenye kiti chake. Mimi nakaa kwenye kigoda upande wa jikoni na kuchungulia penye upenyo. Upenyo huo, kwa jinsi nyumba ilivyojengwa, unaonyesha nusu ya kushoto ya televisheni.

Kwa hiyo mpira wote wa Ulaya nimeuangalia upande wa kushoto. Kuna makipa ninaowafahamu hadi wanavyofunga kamba za viatu, na kuna wengine ambao hadi leo nawasikia tu. Mpira ukivuka katikati nasikia mtangazaji anapandisha sauti, namsikia mzee anapiga paja, halafu nasubiri kuambiwa kilichotokea.

Na tulikuwa tunachambua. Mzee alisema akiwa ameitazama televisheni, "Mama, waambie wanaojifanya wanajua mpila, yule ameotea." Mimi nikasema nyuma ya pazia, "Mama, mwambie anayesema hivyo kwamba beki wa huku kwangu alikuwa nyuma kabisa." Mama mkwe, ambaye alikaa mlangoni akimenya ndizi za jioni, hakuinua hata kichwa. "Mmesikiana," alisema.

Sasa turudi uwanjani kwangu. Mimi ni mweusi. Watu wa hapa nao si wazungu, lakini mimi ni mweusi hasa, weusi wa kwetu, ukiupaka mafuta unang'aa, na naupenda. Nilipoanza kuifungia timu mabao mengi, mashabiki wa timu nyingine wakatafuta pa kunipatia, wakapata hapo. "Madam, cheka tukuone!" Mawingu yakishuka kutoka mlimani wanapiga kelele, "Washeni taa, mfungaji wao amepotea!" Halafu wakanibatiza jina la Masizi, na jina likatembea kata hadi kata likifika kabla yangu.

Mara ya kwanza nilicheka na mimi. Unacheka kwa sababu usipocheka utaitwa mwenye nongwa, na mgeni mwenye nongwa hana pa kukaa. Nikafunga, wakarudia. Nikafunga tena, wakarudia kwa sauti zaidi. Nahodha wetu, mwalimu wa hisabati, mtu mwema sana mwenye magoti mabovu, aliniambia, "Wapotezee, madam. Ni utani tu. Tusilete siasa kwenye michezo."

Mimi utani naujua. Mtani wangu akiniita mwizi wa ng'ombe, namuuliza wa kwake amemficha wapi, tunacheka, ananinunulia soda. Utani unaenda na kurudi. Huu ulikuwa unakuja tu. Ningewarudishia nini? Huwezi kumfokea mtu, "Na wewe maji ya kunde wee!" ukategemea ataumia.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba chini ya pete ndipo mahali pekee Rungwe nilipokuwa sijisikii mgeni. Ofisini naulizwa nitahama lini. Sokoni napandishiwa bei ya parachichi mpaka nitoe neno la Kinyakyusa. Uwanjani nilikuwa wa kwao, wananipigia vigelegele akina mama ambao hata hatujuani. Sasa ikifika Ijumaa natafuta kisingizio cha kutocheza kesho yake. Nikamwambia mume wangu kwamba fainali ya kombe la walimu ikipita naacha netiboli. Akaniambia nisiache. Nikamwambia atoe sababu. Akasema nikikaa nyumbani Jumamosi nzima nitamsumbua. Alikuwa anajaribu kunichekesha, lakini niliumia, nikaenda kulia jikoni kwa mama mkwe, ambaye alinipa kisu na ndizi nimenye.

Wakati wa jioni hizo ndipo tulipoangalia ile mechi ambayo wilaya nzima iliiangalia, nadhani hata ng'ombe waliiona. Kulikuwa na nyota mmoja mweusi, fundi kwelikweli, anacheza ugenini. Kila akigusa mpira, jukwaa zima linafanya, "Hu! Hu! Hu!" Baadaye kijana wa watu akausimamisha mpira, akamfuata mwamuzi, akanyoosha kidole jukwaani. Na hapo kikaanguka kitu karibu na mguu wake. Bahati nzuri kilianguka upande wa kushoto, nikakiona.

"Wamemlushia nini?" mzee akauliza.

"Ndisi," mama mkwe akasema, akaacha kumenya.

"Ngapi?"

"Moja."

"Moja!"

Nilisikia kiti kinalalamika. Mzee alikuwa ameudhika hasa. Kwa mkulima wa huku kwetu, anayekupa ndizi moja amekudharau kuliko asiyekupa kabisa. Mgeni anabebeshwa mkungu, na akikataa unamsindikiza nao barabarani. "Watu wenye uwanja mkubwa namna ile," alisema, "ndisi moja. Na hata mkononi hawakumpa."

"Mama," nikasema, "mwambie anayeuliza kwamba hiyo siyo zawadi. Wanamaanisha yule ni nyani."

Halafu mzee akasema polepole, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu, "Mama, waulise, nyani na ndisi wapi na wapi? Nyani ni mahindi."

"Na viasi," mama mkwe akaongeza. "Mwaka ule si walimalisa viasi vyote vya kule juu?"

"Viasi pia. Ndisi anakula, sikatai, lakini akikosa mahindi."

Nikajikuta mimi, mwalimu mwenye shahada, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya pazia natetea kwa nguvu zote kwamba nyani anapenda ndizi, ili ubaguzi wa rangi ueleweke vizuri. Ilinichukua muda. Mwishowe mzee alikubali kwamba Ulaya hawana nyani, kwa hiyo hawajui anachokula, na kwamba nia yao ilikuwa mbaya. Mama mkwe alisema nia mbaya au nzuri, chakula hakitupwi.

Mechi ilipoisha nyota yule alisimama mbele ya kamera akasema. Hakutukana mtu. Alisema tu kwamba haikubaliki na kwamba hatanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshika pazia kwa mikono miwili.

"Amekosea," mzee akasema. "Kasi aliyoajiliwa mchesaji ni ya miguu. Akisimama kuongea, nani anakaba? Angefunga goli la pili wangenyamasa wenyewe."

Nilihisi uso unawaka. Alikuwa anamzungumzia mtu wa Ulaya, najua, lakini mimi nilisikia ananizungumzia mimi. "Mama," nikasema, "mwambie anayesema hivyo kwamba miguu na mdomo ni vya mtu mmoja. Ukinikanyaga mguu, anayelia ni mdomo."

"Mama, waambie wasinifundishe. Mimi nilikuwa winga wa timu ya shamba la chai. Wale wasimamisi wetu, wageni wale, walikaa pembeni na vinywaji vyao wanatuita majina ambayo siwesi kuyasema mbele ya pasia. Sikujibu hata neno. Nilifunga."

"Mama, muulize, alipofunga walinyamaza?"

Mama mkwe alitakiwa kusema kwamba tumesikiana. Hakusema. Aliweka kisu chini akajibu mwenyewe. "Hawakunyamasa," alisema. "Walicheka sana tu. Akiludi nyumbani halali wala hali chakula. Mbalaga nsuli ya ndisi niliyomwekea anampa mbwa."

Mzee akakohoa. Nikachukua kigoda changu nikakimbia.

Juma lile hakuna aliyechambua mpira. Halafu, siku ya fainali, zawadi ya mshindi ikiwa imeshatangazwa kuwa ni mbuzi, mzee akatoa tangazo kupitia kwa mama kwamba na yeye atakwenda uwanjani. Nyumba nzima ilichanganyikiwa. Ataendaje? Mkamwana wake atakuwa anaruka mbele za watu na sketi ya magotini! Mume wangu alisema baba abaki. Baba alisema, "Mwambieni huyo kijana kwamba nauli ni yangu."

Mama mkwe akapata jibu, kama kawaida yake. Walipofika uwanja wa shule pale mjini, aliweka kiti cha mzee pembeni ya mstari, lakini alikigeuza. Mzee akakaa ameupa uwanja mgongo, ametazama barabara na mashamba ya chai, mwavuli juu, fimbo kati ya magoti. Mama akakaa ubavuni mwake akiangalia uwanja, ili amsimulie. Wazee wa hapa walipita wakaona, wakatikisa kichwa kwa heshima. Afisa mmoja aliyehamia karibuni alimwinamia akamuuliza kama kuna jambo amesusia.

Nilikuwa nasikia usimulizi ule kila nilipokaribia upande wao, na ulikaribia kunitoa mchezoni.

"Wanakimbia," mama alisema. "Sasa wanaludi."

"Nani ana mpila?"

"Yule mwenye sketi."

"Wote wana sketi!"

"Basi mmoja wao."

Wapinzani wetu walikuwa walimu wa kata jirani. Siitaji, kwa sababu viazi vyangu nanunua huko. Mashabiki wao walikuja na ngoma, na walikuwa wameiona ile mechi ya televisheni kama sisi sote. Nataka niwatendee haki: wengi wao hawakujua walichokuwa wanafanya. Waliona Ulaya jukwaa zima linafanya "Hu! Hu! Hu!" wakadhani ni ushangiliaji mpya umetoka, na hawakutaka kata yao ibaki nyuma. Walikuwa wameufanyia mazoezi, ngoma inaingia pale inapotakiwa. Mara ya kwanza walimfanyia mchezaji wao wenyewe, naye akafurahi, akawapungia mkono.

Lakini mpira uliponifikia mimi, katikati ya ile "Hu! Hu!" kukatokea jamaa mmoja mwenye kofia nyekundu aliyeelewa vizuri sana alichokiona kwenye televisheni. "Masizi!" akapaza sauti. "Nyani wa Masoko!" Waliomzunguka wakacheka. Nikafunga. Akarudia. Nikafunga tena. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa rambo.

Ulaya wanarusha ndizi mbivu. Huku kwetu tulipoiga, tuliiga kwa kile tulichokuwa nacho, na jamaa yule alikuwa na ndizi mbichi ya kupika, ngumu kama kipande cha kuni. Ilinipata begani. Niliona nyota.

Uwanja ulicheka kwanza, halafu ukashtuka, halafu sauti za akina mama zikapanda kutoka kila upande, "Nani huyo anatupa chakula?" Kabla mwamuzi hajajua la kufanya, mama mkwe alikuwa ameshaacha kazi yake ya utangazaji na kuingia uwanjani na kikapu. Akaiokota ndizi, akaiminya kwa kidole gumba, akaipandisha juu watu wote waione. "Haijakomaa!" akasema kwa uchungu. "Mkungu umekatwa kabla ya siku sake!" Akaitia kikapuni.

"Mama!" mzee akaita akiwa ametazama barabara. "Kuna nini huko? Mama!"

Mchezo ukaendelea. Tulikuwa sare, na mwamuzi ameshaanza kuangalia saa. Wenzangu wakapigiana pasi, moja, nyingine, mpira ukanijia mimi chini ya pete, mlinzi wao ameteleza kwenye tope na hayupo. Kwa wasioujua mchezo wetu: ukiudaka mpira lazima uutoe au urushe ndani ya sekunde tatu. Ukizidisha, filimbi inapulizwa na mpira unapewa wapinzani. Pale nilipokuwa ningeweza kufunga nikiwa nimefumba macho.

"Hu! Hu! Hu!" ngoma nayo imo. "Masizi!"

"Funga, madam!" nahodha analia. "Funga!"

Nilijua nikifunga watanibeba, mbuzi ataliwa, nitasifiwa kwa uvumilivu. Jumamosi nyingine nitaitwa nyani tena na nitacheka tena, na siku moja nitazitupa raba zangu mvunguni na watu watasema madam ameacha kwa sababu ya umri. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanauma. Nikaushika mpira, nikageuka nikawaangalia.

"Mimi siyo nyani," nikasema.

Filimbi.

"Sekunde tatu, madam," mwamuzi akasema na kunyoosha mikono apewe mpira.

"Mimi nimevumilia zaidi ya sekunde tatu," nikamwambia, "na hukupuliza."

Nikaukumbatia mpira. Nahodha alikuwa ameshika kichwa. "Madam," alininong'oneza, "mbuzi, madam." Ngoma ikanyamaza. Wale wa "Hu! Hu!" wakaanza kutazamana, na nadhani baadhi yao ndiyo kwanza walikuwa wanaelewa. Nikasema tena, "Ninafundisha watoto wa wilaya hii kusoma. Nimechoka," na hapo sauti ikakatika. Nililia. Nilijichukia, kwa maana hotuba niliyoitoa nyuma ya pazia kwa niaba ya mtu wa Ulaya ilikuwa nzuri sana, na sasa ilipofika zamu yangu nilikuwa nalia makamasi mbele ya kata mbili.

"Cheka tukuone!" yule wa kofia nyekundu akasema. Mmoja wawili wakacheka naye.

Ngoma ikiwa imenyamaza, sauti ya mzee ilisikika uwanja mzima. "Mama, anasema nini?"

"Anasema yeye siyo nyani."

"Na wao wanasemaje?"

Mama mkwe aliwageukia kwanza. "Wanacheka," alisema.

Kiti kikaanguka. Nikamwona anasimama, kwa shida, kwa fimbo, mwavuli unaenda zake na upepo. Halafu akageuka. Bibi vizee waliokuwa mstari wa mbele walifunika midomo kwa kanga, na mmoja wao akamwita Mungu, "Kyala!" kwa sauti ya mtu aliyeona ajali. Mimi mwili wangu ulitaka kukimbia. Nikatafuta pa kujificha, hapakuwa na mgomba, palikuwa na nguzo ya pete tu, nyembamba kama mkono wangu. Nikaufunika uso kwa mpira.

Nikasikia fimbo inakuja kwenye tope mpaka ikasimama mbele yangu.

"Mkamwana," akasema. Mama hakuwa katikati, wala ukuta. "Toa huo mpila usoni."

Nikautoa. Ni mzee mfupi kuliko nilivyodhani, ana jicho moja linalotoa machozi, na alikuwa ananiangalia moja kwa moja usoni.

"Sema," akaniambia. "Mimi sikusema."

Nikafuta kamasi kwa kiganja nikawageukia watu, nikasema. Mwamuzi akapuliza filimbi, nikaendelea. Akapuliza tena, nikaendelea, mpaka akaitoa mdomoni, akasimama pale kwenye mvua na yeye akasikiliza.